Haragwe la Denis

Wanaume wanne waliishusha amplifaya ya Elimringi kutoka kwenye pikapu, na wote wanne wakakaa chini palepale kutafuta pumzi. Ilikuwa nzito, si utani. Punda wa kwanza kubebeshwa mzigo ule, huko Kahe, aliutua katikati ya njia akahamia Same, na mpaka leo hajatuma salamu.

Denis alifika kwa miguu, gitaa mgongoni, mkononi kadude kekundu kenye umbo la haragwe.

"Shikamoo, meku," alimwamkia mzee Elimringi.

"Marahaba. Hicho ndicho chakula chako cha mchana?"

"Ndiyo amplifaya yangu, meku. Ya dijitali. Humu ndani mna sauti za amplifaya zote kubwa za Ulaya. Hata ya hiyo yako imo."

"Yangu imo humo?" Elimringi aliinama, akalitazama haragwe kama mtu anayetafuta ng'ombe wake ndani ya yai. "Basi na mke utaoa wa kwenye picha, kijana. Halafu uone nani atakupikia."

Wanabendi walicheka. Wenseslaus, kiongozi wao, hakucheka. Miaka ile ya elfu mbili harusi za Desemba zilikuwa zinanyakuliwa na watu wa disko, na bendi haikuwa na uwezo tena wa kulisha wapiga solo wawili.

"Bibi harusi aliyetukodi anakuja kuchagua mwenyewe," alisema. "Atakayemtaka ndiye anabaki na bendi. Mwingine tunaagana leo, bila ugomvi."

Elimringi alishika nafasi hiyo ya solo Wenseslaus akiwa bado na nywele. Akiikosa, kilichobaki ni kurudi kihambani, shamba la nyumbani Old Moshi, kukata majani ya ng'ombe, na mkewe Elisifa alikuwa ameshamnolea panga.

Bibi harusi aliingia ukumbini akiwa na mdogo wake, Evelyn. Elimringi alijua tu kwamba ni Goodness, binti wa Rogath, kwamba alisomea Tabora na huko huko akabaki kuwa mwalimu. Evelyn aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Goodness alikunja goti, akatabasamu, basi.

"Umeona adabu hiyo?" Elimringi alimnong'oneza Wenseslaus. "Mabinti wa siku hizi mdomo unaingia ukumbini kabla ya miguu. Huyu ametulia. Mtu aliyetulia ndiye mwenye sikio."

Denis alitangulia. Alichomeka haragwe lake moja kwa moja kwenye miksa, na gitaa likatokea kwenye spika mbili zilizopandishwa juu ya vyuma, kama mizinga ya nyuki. Lilitoka safi. Elimringi alilisikia kuwa ni safi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Safi kama maji ya kuchemsha," alisema, akihakikisha Denis anasikia. "Huumwi tumbo, lakini huna ulichokunywa."

Goodness aliangalia vidole vya Denis kidogo, kisha akageukia dirishani. Wingu lilikuwa linafunuka polepole kutoka usoni mwa Kibo. Wimbo uliisha yeye bado anatazama mlima.

Ikawa zamu ya Elimringi. Aliwasha amplifaya, akakunja mikono kungoja valvu, zile taa zake za ndani, zipate moto.

"Meku, tuweke na ndizi jikoni?" Denis aliuliza. "Labda zitawahi kuiva."

"Kitu chenye roho huamka taratibu. Kisicho na roho ndicho kinachobonyezwa."

Alijisogeza na gitaa lake karibu mno na amplifaya, nayo ikapiga yowe la kupasua bati. Wenseslaus aliziba masikio. "Mae!" Evelyn alipiga kelele, akaruka. Kuku wa jirani, wanasema, walitaga bila kupanga. Goodness peke yake hakukunja hata uso.

Mjuzi hashtuki, Elimringi alijiambia, na kifua kikamjaa.

Alipiga kama mtu anayetetea shamba lake. Amplifaya ilikuwa imekaa chini kwenye mbao za ule ukumbi wa zamani, na vumbi likaanza kuruka kwenye nyufa za sakafu. Goodness akageuka kutoka dirishani. Akavua viatu vyake vya visigino, akasogea, akaweka viganja vyote viwili juu ya amplifaya. Asubuhi ilikuwa na baridi.

"Ota, mwanangu, ota!" Elimringi alipaza sauti bila kuacha kupiga. "Lile haragwe lingekupasha nini?"

Goodness alianza kucheza. Alicheza pekupeku, mguu ukishuka pale pale solo iliposhuka, na hakuacha mpaka Elimringi alipouachia uzi wa mwisho. Ndipo akamnyooshea kidole. Huyu.

Wenseslaus alikohoa, akampa Denis mkono wa kwaheri. Elimringi hakuwa mtu wa kushinda kimya.

"Beba haragwe lako, kijana, ukaliunge kwa nazi. Miaka yote nawaambia: muziki ni sikio! Mwenye sikio la kweli hadanganywi na vitufe." Akamgeukia Evelyn. "Hebu mwambie dada yako amfundishe huyu mtoto kabla hajaondoka. Amesikia nini kwangu ambacho kwake hakipo?"

Evelyn alimtazama mzee, akamtazama Denis, kama mtu aliyefika mtoni na kukuta daraja halipo. Kisha akamgusa dada yake begani, akamuuliza kwa vidole.

Goodness alicheka bila sauti, akajibu kwa mikono miwili, haraka haraka.

"Anasema mambo ya sauti mtajuana wenyewe," Evelyn alisema. "Ila gitaa lako, meku, linapanda kwenye nyayo, na siku ya harusi yake angependa na yeye ajue muziki umeanza."