Bendera ya Jenerali Kaumba

Bendera ilikuwa imefika katikati ya mlingoti kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili Clément akaamuru ishushwe.

"Haikufika juu," alisema. "Bendera ya kilio inapanda mpaka juu kabisa, inagusa, njo inarudi katikati. Weye umeisimamisha mu njia sawa muntu mwenye kuchoka. Anza tena."

Adalbert, mpandisha bendera wa komine ya Annexe, manispaa ya pembezoni mwa mji, akaishusha. Mpiga tarumbeta akapangusa midomo. Barabarani watu kama mia mbili waliendelea kusimama, maana hapa kwetu bendera ikitembea, raia hatembei. Walisimama wenye baiskeli za makaa, mabasi madogo na abiria wake, mama mwenye beseni la ndizi kichwani. Watu wa mji huu wamesimama hivyo chini ya bendera za kila rangi, chini ya nchi iliyobadilishwa jina kama mtoto asiyepona, na hakuna siku hata moja walipoulizwa kama miguu inauma.

Habari iliingia asubuhi kwenye WhatsApp ya komine: Jenerali Symphorien Kaumba, shujaa wa vita, waziri mara nne, ametutoka. Familia ilikuwa haijasema neno. Gavana alikuwa hajaamka. Lakini Clément, katibu wa komine, alitaka Annexe iwe ya kwanza kulia.

Katikati ya waliosimama kulikuwa na gari la wagonjwa. Nesi Emmanuella alishuka, akamfuata polisi aliyefunga njia.

"Chef, iko muzee ndani. Oksijeni imebakia robo ya chupa. Ndege inamungoja ku Luano."

Adjudant Michée, polisi huyo, alikuwa amepiga saluti. Hakugeuza shingo. "Mama, iko bendera."

"Minaiona. Lakini ule muzee atakufa."

"Atakufa na heshima. Sheria inasema hata ambulance inasimama. Mwenye kutia saini ile sheria njo tunamulilia leo. Unataka tuivunje ku kilio yake?"

"Chef, unajua njo nani iko mu gari?"

"Kila siku bananiulizaka vile. Mu ile barabara hapana kupitaka muntu mudogo hata mumoja." Michée akashusha sauti. "Kuongea mbele ya bendera ni matusi. Ukitaja jina ya muntu hapa, minakufungia mu cachot, weye, gari na muzee."

Emmanuella akageuka. Akarudi kwenye gari, akaitazama saa ya kupimia oksijeni kwenye chupa.

Tarumbeta ikalia. Bendera ikapanda mpaka juu, ikagusa, ikarudi, ikasimama. Watu wakashusha pumzi. Clément akafumba jicho moja.

"Ile ni katikati ya nini?"

"Ya mlingoti, chef," alisema Adalbert.

"Kutoka ku udongo, ao kutoka ku simenti?"

Hakuna aliyejua. Clément akaomba mita. Kati ya waliosimama kulikuwa na fundi cherehani, mita ikiwa shingoni, lakini angeileta vipi bila kutembea? Ikapita mkono kwa mkono, toka kwa fundi mpaka kwa mwenye makaa, toka kwa mwenye makaa mpaka kwa mama wa ndizi, na hakuna mguu uliosogea. Adalbert akaipokea, akatazama juu, akatazama mita. Haikufika hata kwenye kifundo cha kamba.

"Pima kivuli," Clément akasema.

Wakapima kivuli kizima, wakakigawa kwa mbili, wakatia alama ya chaki. Walipoangalia tena, kivuli kilikuwa kimefupika. Jua peke yake lilikuwa linatembea bila ruhusa. Wakapima upya. Mama wa ndizi akasema, bila kugeuka, kwamba kama wanataka nusu wangemwita yeye, kila siku anakata mikungu. Watu wakacheka kwa mabega tu. Michée akawakodolea macho.

Hatimaye Clément akaamua: ni kutoka kwenye simenti. Bendera ishuke, ianze tena.

Tarumbeta ikalia kwa mara ya nne. Ndani ya gari, mzee aliyefunikwa barakoa ya oksijeni akafumbua macho. Mkono wake ukapanda polepole mpaka kwenye kipaji cha uso, ukabaki pale.

Michée alimwona kupitia mlango. "Ona sasa," akamwambia nesi. "Hata mugonjwa iko na éducation kukupita."

Mzee akasogeza midomo chini ya barakoa. "Nani amekufa?"

"Mukubwa, papa," Michée akajibu kwa upole. "Usihangaike."

Bendera ikapanda, ikagusa, ikashuka, ikasimama nusu. Clément akatikisa kichwa kukubali. Michée akashusha mkono, na barabara yote ikaanza kunguruma.

"Pita, mama. Njia ni yako."

Gari la wagonjwa halikuondoka. Emmanuella alikuwa ameketi mlangoni, barakoa ya oksijeni imekunjwa mapajani.

"Hapana haraka tena," alisema.

Clément akaja na daftari. Akavua kofia. "Pole, mama. Amekufa mbele ya bendera, sawa raia muzuri. Nitamuandika mu rapport. Alikuwa nani?"

"Sasa minaweza kutaja jina?"

"Taja tu."

"Symphorien Kaumba."

Kalamu ikasimama. "Kaumba mwingine?"

"Ule jenerali."

Clément akatazama gari. Akatazama bendera. Akatazama saa yake ya mkono kwa muda mrefu, kisha akakata mstari mmoja juu ya ukurasa mzima.

"Adalbert," aliita, "ishushe. Zile zote zilipanda akingali muzima, hazihesabike."

Tarumbeta ikalia, na Michée akainua mkono mbele ya gari la wagonjwa.