Chumba cha Chini

Wahudumu walikuwa wameshamtoa mke wa Clifford mlangoni kwa kiti cha magurudumu, wakimpeleka nyumba ya wazee, jirani alipochungulia juu ya ua.

"Anakwenda wapi, jamani?"

"Ngazi zimemshinda. Ndiyo maana niliomba kibali cha kuongeza chumba cha chini. Halmashauri wamekataa, maana uliwaandikia kwamba kitayazibia jua mawaridi yako."

"Miaka ishirini tunagawana ukuta, Clifford, usiniambie?"

"Wewe huongea na maua tu, bibi."

Jirani akaja, akapiga magoti, akamvisha mgonjwa sapatu iliyomvuka mguuni.

Clifford aliomba upya, na safari hii jirani aliandika kumuunga mkono. Kibali kilitoka Machi. Mke alikuwa amezikwa Februari. Clifford aliuza nyumba, akahamia kwa dadake. Jirani angali palepale.