Mlango wa Nne

Zawena alikuwa ameandika kwenye kikaratasi vyumba vinne vya kupanga, avimalize kabla mumewe hajarudi kutoka kazini. Hakuuliza maji wala umeme. Kila walipofika aliingia peke yake, akasukuma komeo, akamwambia dalali aliyebaki nje:

"Kaka Kibwana, piga teke. Piga kama mtu aliyetukaniwa mama yake."

Mlango wa kwanza ulipasuka kwa teke moja. Wa pili uling'oka bawaba ukamwangukia Zawena begani, pale pale palipovimba juzi mumewe alipovunja mlango wa choo kumfuata. Wa tatu aliugonga kwa kidole tu, akaukataa.

Wa nne ulikuwa wa mninga. Kibwana aliupiga mateke, akaupiga kikumbo, mwisho akaokota tofali na kuutwanga mpaka chokaa ikapukutika na wapangaji wakatoka na vikombe vyao vya chai.

"Dada, basi!" alihema, kiatu kimeachama. "Huu haufunguki. Toka tukamwone mwenye nyumba."

Ndani, Zawena alikuwa amejikunyata sakafuni, viganja masikioni. Alimsikia. Akanyoosha mkono, akalishika komeo, akalikamata kwa nguvu zake zote, na hakulivuta.