Kutu Kwenye Miwa

Nthenya alifuta jani la muwa, kidole kikatoka na unga wa rangi ya kutu. Alidhani ni vumbi la barabara ya Matiliku. Akafuta jingine, na jingine, mpaka viganja vikawa vyekundu, na madoa bado yapo kwenye majani.

Ni ugonjwa gani huu? Unaletwa na upepo ama na mikono ya watu?

"Nthenya!" Mama mkwe alisimama ng'ambo ya mtaro, miwa yake ya kijani ikitikisika nyuma yake. "Nishike mkono nivuke, nikusaidie kutoa majani makavu."

Akanyoosha mkono.

Nthenya akaficha mikono yake yenye unga mwekundu mgongoni.

"Kwani nimekukosea nini, mwanangu?"

Nthenya akaitazama ile miwa ya kijani ng'ambo, isiyo na doa, akarudi nyuma ndani ya miwa yake.