Kamera ya Mninga

Kamera ya Ikupa ilikuwa ya mbao za mninga. Lenzi yake ilikuwa kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, kimepakwa rangi nyeusi. Mkanda tu ndio ulikuwa wa kweli. Asubuhi hiyo aliuvaa shingoni, akapanda bodaboda kwenda Mwamapalala kufanya mtihani wake wa mwisho.

Alikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha kanisa nje ya mji wa Bariadi, chuo kinachofundisha Maandiko, historia, muziki na upigaji picha. Kamera halisi zilikuwepo, sita, zimefungiwa kabatini ofisini kwa mkuu wa chuo. Zilikuwa zinamsubiri askofu aje kuziombea, na askofu alikuwa na ziara nyingi. Mwalimu Constantine hakutaka muda upotee. Alimwagiza seremala wa chuo achonge za mbao, ili wanafunzi wajifunze kushika, kusimama na kubana pumzi. Simu alizikataza kabisa. Alisema zinalizoesha jicho uvivu. Picha zilisahihishwa kwa mdomo: mwanafunzi alieleza alichopiga, mwalimu akafumba macho, akatoa alama. Ikupa alikuwa wa kwanza darasani.

Mada ya mtihani ilikuwa Upatanisho. Mwalimu alikuwa amemwandikia mwenyekiti wa kitongoji kimoja huko Mwamapalala, akimwomba amtafutie familia iliyogombana ikapatana. Mwenyekiti alijibu kwamba ipo. Ni ndugu wawili, Ndaki na Masunga, ambao hawakusemeshana kwa miaka kumi na moja kwa sababu ya dume la ng'ombe, na sasa wameyamaliza.

Mwenyekiti mwenyewe alimpokea Ikupa barabarani, shati limepigwa pasi, kofia kichwani. Njia nzima alimsimulia ule ugomvi. Alijua rangi ya dume, alijua Ndaki aliliuza siku gani wakati Masunga amelazwa hospitali, alijua hata matusi waliyotukanana. Alisisitiza kwamba Ndaki naye alikuwa na sababu zake. Ikupa alifurahi kumpata kiongozi anayewajua watu wake kiasi hicho.

Uani walikuta watu watatu. Mama mzazi wa hao ndugu, Nyanjige, alikaa kwenye kigoda amejifunga kitenge kipya. Kulia kwake alisimama Masunga, mwembamba, macho mekundu. Kushoto alisimama mwanaume mwenye fimbo ya kuchungia, na mwenyekiti akamtambulisha kuwa ndiye Ndaki.

Mama yake Ikupa alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Bariadi kutoka Mbeya, kwa hiyo Kisukuma cha Ikupa kiliishia kwenye salamu.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo.

Nyanjige aliitikia vizuri. Kisha akamgeukia mwenyekiti na kumwambia jambo refu kwa Kisukuma. Mwenyekiti alitazama chini, akajibu kwa neno moja.

Ikupa aliuliza mkubwa ni nani kati ya hao wawili. Ndaki alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema haraka kwamba mkubwa ni Ndaki.

Kazi ikaanza. Aliwasogeza karibu, wakasimama kama nguzo za zizi. Alimwomba Ndaki aweke mkono begani kwa mdogo wake; Ndaki aliuweka taratibu, kama anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Ikupa akabana pumzi, akabonyeza kichwa cha msumari kilichokuwa kitufe, akapiga ulimi: ka. Halafu akawaomba wakumbatiane.

Masunga alisita. Kisha akamvuta mwenzake kwa nguvu na kuanza kulia. Alisema dume lile alishalisahau siku nyingi, ila hajasahau kwamba alilala hospitali wiki tatu na kaka yake hakuja kumwona hata siku moja. Aliyasema hayo juu ya bega la Ndaki, macho yake yakitazama upande wa Ikupa na mwenyekiti. Ndaki alimpapasa mgongo akisema pole, pole sana. Nyanjige naye akalia. Hata mwenyekiti alivua kofia, akajifuta uso kwa kofia hiyohiyo.

Ikupa alipiga ka nyingine tatu, kisha akaishusha kamera. Kwa miaka mitatu alikuwa amepiga milima, mbuzi, kwaya na machweo, na hakuna hata kimoja kilichotoa machozi mbele yake. Aliwaza alama zake. Aliwaza pia kwamba watu hawa wakijua walisimamishwa mbele ya kipande cha ubao, huenda wakaona hata kupatana kwao ni mchezo, wakarudi kulekule walikotoka. Angeweza kuaga tu akaondoka.

Lakini Nyanjige alimuuliza, sasa kwa Kiswahili, huku akimkazia macho mwenyekiti, picha italetwa lini. Alitaka kuitundika karibu na kitanda, awe anawaona wanawe pamoja kila anapoamka.

Ikupa akavua mkanda shingoni.

"Mayu, nisameheni," alisema. "Hii siyo kamera. Ni mbao tupu. Humu ndani hamna kitu."

Ndaki alimwachia Masunga, akaichukua ile kamera, akaitikisa sikioni, akaichungulia lenzi. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi na mimi niseme," alisema. "Mimi ni mtu wa kijiji cha Sola, nilipita hapa kuulizia ng'ombe wangu aliyepotea, nikaombwa nisimame mahali pa mwenyewe. Ndaki ni huyo mwenyekiti."