Kambare na Tope la Zamani

Vyombo hamjaosha, mnataka hadithi. Haya, nasema mara moja tu.

Ziwa lilijaa ukoga, ule utando wa kijani unaoota juu ya maji, maji yakanuka, wana wa Perege wakawa wanakufa kwa kukosa pumzi. Kambare akapiga kelele kuliko wote: "Ni mavi ya Kiboko!" Kiboko akafukuzwa. Masika mawili yakapita, ukoga ukazidi.

Perege, asiyeamini hata kivuli chake, akamwambia Kambare, "Shemeji, Kiboko hayupo. Sasa nani anachafua?"

"Labda anarudi kwa siri, shemeji."

"Na sharubu zako, mbona kila siku zina tope?"

Kambare akajidai ana haraka. Perege akamfuata mpaka chini kabisa, akamkuta anafukua tope akitafuta minyoo. Uchafu wa miaka na miaka uliokuwa umelala humo ukawa unapanda juu kuulisha ukoga.

Samaki wakamwambia, "Funika ulichofukua, au mfuate Kiboko nchi kavu."

Kambare akabeba udongo wa mfinyanzi kwa mdomo wake, tonge kwa tonge, mpaka akalifunika tope lote, pamoja na minyoo yake.