Shahidi wa Pili

Kofia ilipomtoka kichwani, Lemuel Voss hakuweza kuidaka. Mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania usukani, na chini ya miguu yake hapakuwa na kitu ila hewa, na chini ya hewa, shamba lake mwenyewe la mahindi. Akacheka peke yake kama mwendawazimu. Eropleni aliyoichora kwenye meza ya jikoni na kuiunda ghalani kwa fito na kitambaa ilikuwa inaruka!

Ilivuka kijito, ikapinda, ikarudi, ikatua majanini bila kuvunja hata ufito mmoja. Barabarani alikuwako mtu mmoja tu, Amos Tully, mgawa barua, amesimamisha farasi wake, mdomo wazi.

"Nimekuona, Lem! Naapa kwa Mungu, nimekuona!"

Lemuel akakimbilia nyumbani. Dada yake, Hester, alikuwa anatoka kwenye banda la kuku na kikapu cha mayai.

"Umeniona? Hester, umeniona?"

"Nikuone wapi tena, kaka? Mimi niko na kuku wangu toka nimeamka."

Wawili hao walikuwa wamebaki peke yao katika nyumba ile tangu wazazi wafariki. Jirani wa karibu, ukipiga kelele, hakusikii.

Lemuel akaagiza watu waitwe waje waone. Kumbe mbingu nayo ilikuwa na lake. Kabla hawajafika ikashuka mvua ya mawe, na upepo ukaibiringisha eropleni hadi kijitoni, injini ikapasuka. Waliofika walikuta matambara.

Jioni alizunguka kando ya kijito akiitafuta kofia, asiione. Ilikuwa ya marehemu baba yao, na Hester aliienzi kama nini. Angemwambiaje kwamba ameidondosha porini kama ganda la hindi? Akasema ameisahau kwa kinyozi mjini.

"Haya," alisema Hester, akaendelea kukanda unga.

Wiki iliyofuata akaja bwana mmoja kutoka kiwanda cha Chicago, Bwana Prentiss. Alikuwa amesikia habari. Akaikagua michoro, akatikisa kichwa kwa kuipenda.

"Mabawa haya sijayaona kwingine," alisema. "Lakini wanaodai wameruka siku hizi ni wengi kuliko ndege wa angani. Nipe mashahidi wawili wa kuapa. Ukiwapata, kesho tunapanda treni pamoja, na meza ya kuchorea inakungoja."

Wala hakuona ajabu, Lemuel. Kwao Nebraska, hata ardhi unayoilima haikuwa yako mpaka majirani wawili waape kwamba umeishi juu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Usiku ule Hester alimtania wakicheza karata. "Ukienda Chicago utaniachia nani? Kuku hawajui karata, kaka." Wakacheka wote wawili.

Asubuhi yake Amos akaja, akainua mkono, akaapa. Bwana Prentiss akamgeukia Hester, aliyekuwa akimimina kahawa.

"Na wewe, Bi Voss? Hata kwa mbali?"

Kahawa ikamwagika kidogo kwenye sahani. "Nisamehe, bwana. Sikuona kitu. Siwezi kumwapia Mungu uongo, hata kwa ajili ya kaka yangu."

Lemuel hakumlaumu. Iliuma, lakini alijivunia dada asiyejua uongo. Bwana Prentiss akavaa koti lake, akaenda zake.

Basi ikawa hivyo. Kila kipupwe Lemuel alichora mabawa mezani pale, akayapeleka viwandani. Wengine walijibu kwa adabu, wengine hawakujibu kabisa. Alitengeneza vinu vya upepo vya watu, akapata chakula. Mjini walimwita Bwana Ndege. "Vipi, Bwana Ndege? Mwaka huu umepanda juu au umepanda mahindi?" Naye alicheka nao, kisha akarudi nyumbani njia nzima bila kusema na farasi.

Siku walipomzika Amos Tully, Lemuel alilia kuliko watoto wa marehemu. Watu walishangaa. Hawakujua kwamba anayazika macho pekee yaliyomwona hewani. Tangu hapo hata yeye alianza kujiuliza kama kweli aliruka, au ni akili ya mtu aliyekaa mno na upepo. Upweke wa namna ile hauna dawa. Hester alimpikia uji wa maziwa, akamfunika blanketi miguuni.

Miaka ikaenda, ndege za barua zikaanza kupita juu ya paa lao. Kiangazi kimoja ikatua moja shambani, inahitaji maji ya kupoza injini. Lemuel, mvi kichwa kizima, aliipapasa ncha ya bawa. Bawaba yake ilikuwa pale pale alipoichora yeye, zamani ile.

"Mzee, umewahi kupanda moja ya hizi?" rubani aliuliza.

Lemuel aliuondoa mkono kwenye bawa. "Sina shahidi," alisema.

Rubani hakuelewa, akacheka tu. Hester akamletea kahawa, akanywa, akashukuru. Injini ikanguruma. Ndege ilipoinuka rubani akavua kofia awapungie, na upepo ukamnyang'anya.

Hester, kibibi sasa, alicheka hadi machozi, akamshika kaka yake mkono.

"Loo! Ona, kaka, ona! Vilevile kama ile ya baba siku ile! Ilizunguka, ikazunguka, mpaka ikanasa juu ya ile miforosadi nyuma ya banda la kuku. Weee, nilivyohangaika kuitungua!"